Siku Nazi Ilipoingia Kwenye Mchezo Wako

Mwalimu Deo,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini kwa miaka minne niliingia ofisini kila asubuhi nikaanza na neno hilo kwako, na mkono umekataa kuanza na jingine.

Mchezo umekubali. Naanza na hilo kabla ya habari za mvua na za watu, maana najua ndilo ungeuliza. Ule mchezo wa kompyuta uliohangaika kuutia vitu vyetu mpaka homa ikakulaza, sasa una ndizi, una jembe, una shoka, una gunia la kahawa lenye uzito wa gunia la kahawa. Alhamisi iliyopita kamati nzima ya chuo ilikaa mbele yake. Walikuja kuifungasha mashine ipelekwe Bukoba. Haikwenda. Iko hapa Nyaishozi, juu ya meza yako, nami naandika pembeni yake kwa kalamu, kwa sababu barua yako nimeona isichapwe.

Nikueleze kwa mpangilio. "Yusta, anza pale kitu kilipoanza," ulikuwa ukiniambia nikija mbio na nusu ya habari.

Tulikuzika kwenu Igurwa, nyuma ya nyumba ya mama yako, pale kibanja cha migomba kinapoishia. Watu walijaa hadi barabarani. Wanafunzi wa useremala ndio waliotengeneza sanduku lako, na wasichana wa ushonaji wakashona kitambaa cha kulifunika. Mimi nilishindwa kuimba.

Baada ya wiki mbili kamati ikakaa, nami nikaandika muhtasari kama kawaida: kwa kuwa mwalimu wa kompyuta amefariki na hakuna wa kushika nafasi yake, mashine ihamishiwe Bukoba mwisho wa muhula, huko itapata wa kuitumia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mzee Sefu, mwenyekiti wetu, yule mwenye duka la vitambaa pale njia panda, alisema kwa upole kwamba mashine isiyo na mtu ni kabati tu. Niliandika na hilo. Kikao kilipokwisha nikabaki na ule muhtasari mapajani, nikashindwa kuutia kwenye taipureta.

Nani angenisikiliza? Mimi ni mpiga chapa niliyeishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa barua za chuo na orodha za wanafunzi. Kompyuta nilijifunza kwako kwa kuchungulia begani, na mengi niliyoyaona sikuyaelewa.

Unakumbuka ilivyofika. Wakimbizi walikuwa wamerudi kwao, mashirika yanafunga ofisi, na moja likatuachia ile mashine pamoja na disketi zilizojaa boksi la sabuni. Jenereta liliwashwa saa tisa alasiri, ukawaita wanafunzi, wote wakaenda kujibana ukutani. Speciosa, yule binti mrefu ambaye baba yake alitoka Rwanda zamani na mpaka leo analima vibarua kwenye mashamba ya watu, alificha mikono nyuma kama mtu aliye mbele ya altare. Ulimwambia abonyeze kitufe chochote. Akasema hawezi. "Itajua kwamba si mimi mwenye mali," alisema. Wenzake wakacheka. Wewe ulicheka kwa mdomo tu, nilikuona.

Wiki ileile ukakuta kwenye disketi mchezo mmoja. Msafiri mdogo anatembea kutoka kijiji hadi kijiji, anaokota vitu njiani, vingine anavila, vingine anavibeba hadi sokoni, na mzigo ukizidi nguvu zake anakwama. Wanafunzi waliupenda kwa siku mbili tu. Vitu vyote vilikuwa vya huko kwao walioutengeneza, na kwa Kiingereza: matufaha, ngano, ngozi za wanyama wa kwenye theluji. Siku moja Speciosa, akicheza kwa kumwelekeza mwenzake abonyeze wapi, aliokota kitu fulani akauliza kama kinaliwa. Hukujua hata wewe.

Ndipo ulipoanza. Ulisema mchezo wenyewe haujui tufaha ni nini. Mahali fulani kuna faili lililoorodhesha vitu vyote, jina la kila kimoja, picha yake, uzito wake, kama kinaliwa au hakiliwi, na mchezo unasoma tu kilichoandikwa humo. Ukilipata faili hilo, unaweza kuuambia kwamba tufaha ni ndizi, nao utakubali bila kubisha. Nilidhani unatania.

Ulilitafuta siku nne. Ulikuwa na ile programu ndogo inayoonyesha faili lilivyo kwa ndani, namba upande wa kushoto na herufi upande wa kulia, na huko kulia, katikati ya alama zisizosomeka, tukaona neno APPLE. Ukaweka herufi zetu tano juu ya zile tano: NDIZI. Ukawasha mchezo. Msafiri akainama akaokota, na kioo kikaandika NDIZI. Ulinyanyuka, ukatoka nje, ukalizunguka jengo zima mara moja, ukarudi ukakaa. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi namna ile bila kutoa sauti.

BREAD ikawa UGALI. HONEY ikawa ASALI. Speciosa alisogea, akasoma ASALI kwa sauti, akagusa kioo kwa kidole.

Kisha shoka likatushinda. AXE ina herufi tatu, na shoka letu lina tano. Ulipoongeza mbili, mchezo ulikataa kuwaka, kioo kikabaki cheusi. Jembe nalo vilevile. Ulirudisha nakala ya zamani, ukajaribu tena, kesho yake tena, ukiandika kila jaribio kwenye daftari la hesabu kwa ule mwandiko wako unaolala. Kikohozi kilikuwa kimeanza. Nilikuambia uende ukapimwe, ukasema ukimaliza shoka.

Nilipokuja kukuona hospitali uso ulikuwa umebaki mifupa. Hukuniuliza habari za ofisi. Ulisema, "Lile shoka, Yusta. Linasukuma wenzake, sijui linawasukumia wapi." Nami nikakujibu kwamba utapona utajua mwenyewe. Nisamehe kwa jibu lile. Ulikuwa unanipa kazi, mimi nikadhani unaweweseka. Kesho yake asubuhi wakatuletea habari.

Basi siku ile, na muhtasari mapajani, neno lako hilo lilinirudia. Linasukuma. Nikaitazama taipureta yangu. Taipureta haisukumi kitu, Mwalimu. Miaka kumi nimechapa majedwali juu yake, jina la mwanafunzi safu ya kwanza, kijiji chake safu ya pili, na kazi yote ni kuhesabu nafasi. Jina likiwa fupi, unapiga nafasi tupu mpaka ufike kwenye safu ya kijiji. Likiwa refu, linakula zile nafasi tupu, lakini safu ya kijiji inabaki palepale. Ikisogea hata kidogo, ukurasa mzima umeharibika, unachomoa karatasi na kuanza upya.

Jenereta lilipowashwa nikafungua faili lako, nikahesabu kwa ncha ya penseli juu ya kioo. Kutoka mwanzo wa NDIZI hadi mwanzo wa kitu kinachofuata, nafasi thelathini na mbili. Kutoka hapo hadi kingine, thelathini na mbili. Nikahesabu hadi AXE na kupita, jibu likawa lilelile. Lilikuwa jedwali. Muda wote ule tulikuwa tunatazama jedwali, na mimi ndiye mtu wa majedwali, nimesimama nyuma yako na kikombe cha chai mkononi.

Kila kitu kimepewa nafasi thelathini na mbili. Kumi na mbili za kwanza ni za jina, na jina likiwa fupi, zinazobaki zimeachwa wazi. Wewe ulipoongeza herufi mbili, vitu vyote vya nyuma vilisogea nafasi mbili, mchezo ukaenda kutafuta jina ukakuta uzito. Nilichapa SHOKA juu ya AXE na juu ya nafasi mbili tupu zilizofuata. Sikuongeza hata moja. Nikawasha mchezo.

Uliwaka. Msafiri akaenda hadi chini ya mti, akaokota, na kioo kikaandika SHOKA.

Nilikuita. Kweli nilikuita, kwa sauti, "Mwalimu, njoo uone," na aliyeingia ni Speciosa, alikuwa anafagia varanda. Alinikuta nalia huku nacheka. Sikuweza kumweleza, nikamwonyesha kidole kwenye kioo. Alisoma, akavuta kiti, akakaa karibu nami. Tulikaa hivyo mpaka jenereta likazimwa.

Kesho yake nilimfundisha jambo lako la kwanza, kunakili faili kabla ya kuligusa. Nikamwambia ukikosea tunarudisha nakala, na mchezo unakuwa kama hujawahi kuugusa. Alinitazama aone kama namdanganya.

"Kwa hiyo haiharibiki?"

Nikamwambia inaharibika, kisha inatengenezeka. Aliharibu mara tatu siku hiyo. Mara ya nne akaandika JEMBE mwenyewe, na baada ya hapo hakuna aliyemtoa kwenye kile kiti.

Lakini gunia la kahawa lilikuwa bado. Kwenye daftari lako uliandika, na chini yake umepiga mistari miwili: "Kwa nini gunia linakuwa zito kuliko mlima?" Ulitaka kilo sitini. Uliandika 00 kisha 3C, kwa sababu kwa hesabu za kompyuta 3C ndiyo sitini, na kila msafiri aliyeliokota gunia alikwama palepale. Nilifuata jedwali lako la kubadilisha namba, nikaona hukukosea hesabu. Ilinisumbua wiki nzima. Muhula ulikuwa unaisha.

Speciosa ndiye aliyesema tuache gunia, tutazame kitu kizito ambacho tayari kinakubali. Kulikuwa na jiwe la kusagia. Ukiliokota ndani ya mchezo, kioo kinasema uzito wake ni mia tatu. Tukalitafuta kwenye faili, tukakuta 2C, kisha 01. Jedwali lako linasema 2C ni arobaini na nne. Mia tatu ukitoa arobaini na nne inabaki mia mbili hamsini na sita, na hiyo niliijua, ulikuwa ukiitaja kila siku: ndiyo namba ambapo nafasi moja inajaa na kuhamia nyingine. Kwa hiyo ile 01 ni mia mbili hamsini na sita moja, na imeandikwa nyuma. Mchezo unaandika sehemu ndogo kwanza na kubwa baadaye, kinyume chetu. Wewe uliandika kama tulivyofundishwa shuleni, mchezo ukasoma sitini zako kuwa mia mbili hamsini na sita mara sitini. Zaidi ya elfu kumi na tano. Maskini yule msafiri.

Tukaandika 3C kwanza, 00 baadaye. Akalinyanyua gunia, akaenda nalo polepole hadi sokoni, kama anavyokwenda baba yake Speciosa. Binti yule alimtazama mpaka akafika.

Baada ya hapo hatukulaza damu. Tuliweka mkungu wa ndizi kwa kuazima picha ya kichala cha zabibu, tukaweka mtungi wa pombe ya rubisi, tukaweka senene, panzi wetu wa kukaanga, kwa uzito wa moja, maana mchezo haukubali kitu chepesi zaidi ya hapo. Wasichana wa ushonaji walitaka cherehani iwemo. Useremala wakagombania randa na msumeno. Kila mmoja alitaka kuona kitu chake kikiokotwa. Nikawaambia kila mmoja ataandika chake mwenyewe, na walikuja, wote, hata wale waliokuwa hawapiti karibu na dirisha.

Alhamisi kamati ikafika na boksi la kufungashia. Niliwaamkia, nikawaomba dakika chache kabla hawajachomoa nyaya. Nilimkalisha Speciosa kwenye kiti, akawaonyesha msafiri anavyookota jembe na senene. Wakatabasamu. Mzee Sefu alisimama, mikono kwenye mifuko ya kanzu, akasema ni vizuri, lakini hajui kama hivyo vitu tumevikuta au tumeviweka wenyewe. Hakusema kwa ubaya. Akafikiri kidogo.

"Binti yangu, niwekee nazi."

Speciosa aligeuka kwenye kiti akamwuliza kwa heshima kabisa, "Shikamoo, mzee. Nazi ni nini?"

Mwalimu, ungemwona Mzee Sefu. Unajua alizaliwa hapahapa, babu yake ndiye aliyetoka pwani. Alianza kueleza kwa haraka kama mtu anayemweleza mtoto, kisha akapunguza mwendo. Alisema ni tunda la mti mrefu usio na matawi, lina ganda gumu lenye manyoya, ndani kuna nyama nyeupe na maji. Speciosa akauliza ukubwa wake. Alitoa mikono mfukoni akaonyesha, akaishikilia pale hewani kana kwamba ameishika kweli. Akauliza uzito. Mzee akasema tuseme kilo mbili, ikiwa na maji yake. Akauliza kama inaliwa.

"Inaliwa," alisema. "Mama yangu alikuwa anaisema kila Idi. Wali wa hapa, usio na nazi, alikuwa anautazama tu."

Speciosa alinakili faili kwanza. Nilimwona midomo inahesabu. Akatafuta kitu kimoja cha kwenye theluji ambacho hakuna aliyekitaka, akaandika NAZI na kufuta herufi zilizobaki kwa nafasi tupu. Akaandika 02, kisha 00. Akaweka moja, yaani ndiyo, pale penye kuliwa. Akachagua picha ya boga dogo, akaomba radhi kwamba haina manyoya. Akawasha mchezo, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza hii kwa mikono miwili.

Msafiri alitembea. Akapita kijiji cha kwanza. Chini ya mlima kulikuwa na kitu cha duara, akainama.

NAZI, kioo kikaandika. Uzito 2. Speciosa akabonyeza, msafiri akaila, na nguvu zake zikapanda.

Mzee Sefu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akaniambia, "Bi Yusta, andika kwenye muhtasari. Mashine inabaki. Mwalimu wake ni wewe, na huyu binti ni msaidizi wako." Mjumbe mmoja akauliza kuhusu cheti changu. Mzee akamjibu kwamba cheti msafiri amekila sasa hivi, kilikuwa na maji ndani. Wakacheka wote, na mimi nikaandika, Mwalimu. Niliandika "mwalimu" mbele ya jina langu kwa mwandiko mbovu kuliko wote niliowahi kuandika ofisini humu.

Lile boksi la kufungashia tumewapa wanafunzi wa useremala.

Kisha jana, baada ya ibada, mama yako alikuja. Ma Veneranda alitembea kutoka Igurwa na mkungu wa matoke kichwani, hakutaka kusaidiwa. Alisema kwa Kinyambo kwamba amesikia watu njiani wanasema mwanawe ameacha kitu ndani ya mashine, amekuja kukiona. Tuliomba jenereta liwashwe ingawa ni Jumapili. Hajui kusoma, kwa hiyo sikumwonyesha majina. Nilimwekea kidole kwenye kitufe cha mshale, nikamwambia abonyeze. Msafiri akatembea. Akaokota mkungu, mama akaujua kwa picha, akacheka, akaendelea kubonyeza hadi sokoni bila kuniuliza kitu. Alipofika alikaa muda mrefu akikitazama kioo, akasema, "Kumbe huku ndiko alikokuwa akishinda alasiri zote zile. Nilidhani amepata mchumba."

Tulicheka, mimi na yeye, mpaka tukafutana machozi. Aliniachia matoke yote.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nakukumbuka zaidi kitu kinapokubali kuliko kinapokataa, na hilo sikulitegemea. Kinapokataa nina kazi ya kufanya. Kinapokubali nageuza shingo kukutafuta.

Sasa nikuahidi. Vitu vilivyobaki kwenye lile faili ni ishirini na tisa, na vyote nitavimaliza pamoja na wanafunzi. Nitaandika kijitabu kwa Kiswahili, nafasi kwa nafasi, ya jina, ya picha, ya uzito, ya kuliwa, ili atakayekuja asianze gizani kama ulivyoanza wewe. Kuna wasichana wawili kutoka Murongo wameomba nafasi muhula ujao, na Speciosa ameniambia hao atawafundisha yeye. Jina lako litakuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu, na la shoka kwenye wa pili.

Lala salama, Mwalimu wangu. Saa tisa imefika, darasa limeanza kuingia. Naenda kufundisha.

Wako,
Yusta